Mashine ya Chakula cha Mtoto na Swali la Nani Apimaye Haja

Mwezi wa Februari mwaka jana dada yangu alinitumia picha kwa simu. Ilikuwa picha ya mashine ndogo nyeupe, kimo chake kama birika, yenye bakuli la plastiki na kitufe kimoja mbele. Chini ya picha aliandika maneno manne: "Mjomba, zawadi yetu hiyo." Mtoto wake, ambaye ndiye mpwa wangu wa kwanza, alikuwa na miezi minne na nusu. Tangu siku aliyozaliwa nilikuwa nimeahidi zawadi, na kila nilipokwenda Kireka kumwona nilikwenda mikono mitupu, nikiwa na udhuru ule ule wa mwanafunzi.

Mashine yenyewe hufanya kazi mbili katika bakuli moja. Huivisha kwa mvuke viazi, karoti au nyama, kisha kisu kilicho chini ya bakuli huzunguka na kukisaga chakula mpaka kiwe rojo laini la kumlisha mtoto anayeanza kula. Darasani tulibishana sana juu ya jina lake. Mmoja alisema iitwe kisagio, mwingine akasema kisagio ni blenda tu na hii ni zaidi ya blenda, na wa tatu akasema tungoje kwanza tuione. Mimi nitaiita mashine. Bei yake katika duka alikoiona dada ilikuwa shilingi 420,000. Mimi nilikuwa na 450,000. Fedha hizo nilizipata kwa kufundisha Kiswahili jioni watoto wa familia mbili za Naalya, maana tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua mwezi wa Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, wazazi wengine wameanza kututafuta sisi tuliokuwa tukichekwa kwa kuchagua somo hili. Nilikusudia kununua kompyuta iliyokwisha kutumika ili niandikie tasnifu yangu.

Nilimjibu dada kwamba nitafikiri. Akauliza kama siku hizi chuoni kufikiri kunalipiwa.

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii lilianzia hapo. Mtu akikuomba kitu, na wewe unacho cha kumpa, je, una haki ya kupima kwanza kama kweli anakihitaji? Na kama haki hiyo ipo, unapima kwa kipimo cha nani? Wengi wetu tunaosoma maadili tumezoea mifano mikubwa: mtu anazama mtoni, treni inakuja, dikteta anauliza swali. Mashine ya mtoto ni mfano mdogo, lakini ulinisumbua kuliko treni zote za darasani, kwa sababu treni hizo hakuna hata moja iliyokuwa inaomba fedha zangu.

Nilianza kwa kujitetea, ingawa wakati ule niliita kujitetea huko utafiti. Nilisoma. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, kisha aanze kupewa chakula kingine huku akiendelea kunyonya mpaka afikishe miaka 2 au zaidi. Akianza, hula mara 2 au 3 kwa siku, vijiko vichache tu, na chakula huwa kimepondwa laini. Lakini hali hiyo haidumu. Akifika miezi 8 hivi watoto wengi wanaweza kushika kipande cha chakula laini na kukipeleka mdomoni wenyewe, na akitimiza mwaka anaweza kula alacho kila mtu nyumbani, mradi kimekatwakatwa na hakina pilipili. Nikahesabu. Rojo laini ni chakula cha miezi miwili, mitatu. Tena mtoto anayekawizwa mno kwenye rojo hukawia kujifunza kutafuna. Kwa hiyo dada alikuwa anataka nitoe fedha za kompyuta ya miaka minne kwa ajili ya kifaa cha miezi mitatu. Nilifurahi sana nilipofika hapo, na furaha hiyo ingetosha kunitia shaka kama ningekuwa mwangalifu.

Halafu nilimkumbuka mama. Kwetu Masaka hakuna aliyehitaji mashine ya mvuke, kwa sababu kila jiko lilikuwa nayo. Ndizi zilizomenywa hufungwa katika majani ya mgomba, hupangwa juu ya vikonyo ndani ya sufuria yenye maji kidogo, hufunikwa kwa majani mengine, na mvuke hufanya kazi yake polepole tangu asubuhi mpaka saa saba. Mtoto akiwapo, mama alifunga kifurushi kidogo pembeni: ndizi kidogo, maharagwe yaliyokwisha kuloweshwa na kumenywa ganda, dagaa waliotwangwa wakawa unga, na majani ya mchicha. Vyote huiva katika mvuke ule ule, kisha hupondwa humo humo ndani ya jani, na jani likatupwa. Hapana cha kuosha. Chakula hicho Waganda hukiita kitobero, na si cha wanakijiji peke yao. Kituo cha lishe cha Mwanamugimu kilichoko Mulago kimekifundisha kwa miaka mingi kwa akina mama ambao watoto wao walifikishwa pale wakiwa wamevimba miguu na nywele zimebadilika rangi.

Nilipofika hapo nilijiona nimeshika hoja nzito zaidi. Ugonjwa huo wa kuvimba ulielezwa na daktari Cicely Williams mwaka 1933 alipokuwa akifanya kazi Ghana ya leo, na jina lake, kwashakoo, lilitoka katika lugha ya Waga, likiwa na maana ya ugonjwa unaompata mtoto anapozaliwa anayemfuata. Hapa Kampala madaktari wa Mulago waliuchunguza kwa bidii katika miaka ya 1950. Mtoto aliyeachishwa ziwa alikuwa anashiba ndizi au uji mwepesi wa muhogo, tumbo limejaa, na bado anadhoofika. Uji ule ulikuwa laini sana! Ulaini haukumsaidia. Kilichokosekana ni maharagwe, karanga, samaki, yai. Kwa hiyo, nilijiambia, dada anauliza swali lisilofaa. Anauliza chakula kilainishwe kwa nini, badala ya kuuliza ndani ya bakuli mna nini. Mashine haiwezi kutia dagaa ndani ya viazi. Tena viazi mviringo vikisagwa kwa kisu cha mwendo wa kasi huvutika kama gundi, jambo ambalo uma haulifanyi.

Jumapili moja nilikwenda Kireka nikayasema yote hayo. Nakiri kwamba niliyasema kwa mpangilio mzuri.

Dada alinisikiliza huku ananyonyesha. Nilipomaliza akaniuliza, "Wewe umewahi kulisha mtoto mara ngapi?" Nikanyamaza. Akaniambia siku yake ilivyo. Likizo ya uzazi kwa mfanyakazi katika sheria ya Uganda ni siku 60 za kazi, na zake zilikuwa zimekwisha zamani. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri, anapanda teksi mbili, na jioni kukiwa na msongamano wa Jinja Road anafika saa mbili usiku, pengine mtoto amekwisha lala. Maziwa anakamua katika chumba cha kuwekea maboksi. "Wewe umesoma kuhusu mtoto," alisema. "Mimi sikukuombea mtoto. Niliomba kitu kitakachoniwezesha kukaa kazini bila kuwaza amekula nini na kimepikwaje. Mama alifunga majani, sawa. Lakini mama alikuwa na bibi uani, na shangazi wawili, na mimi nikiwa na miaka 7 nikiponda chakula chako. Hayo majani yako yalikuwa na mikono mingapi?"

Maneno haya yaliubomoa utafiti wangu kwa dakika moja. Hakukuwa na kosa katika habari nilizosoma, lakini zilikuwa zinajibu swali la mtu mwingine. Nilikuwa nimepima haja ya mtoto na nikaiita haja ya mama yake. Zaidi ya hapo, kila niliposema "zamani tulifanya kwa mikono", nilikuwa nimeacha kutaja mikono ya nani. Tunaposifu chakula cha asili, mara nyingi tunasifu saa nyingi za kazi ya wanawake na watoto wa kike ambazo hakuna aliyezilipia. Mvulana aliyelishwa hukumbuka harufu ya jani, na dada yake aliyeponda hukumbuka mkono uliochoka.

Lakini hapa pia sikutaka kukubali haraka. Mwaka 1983 mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, alichapisha kitabu kuhusu vifaa vya nyumbani, na hoja yake kubwa ni kwamba mashine za kufulia, majiko na vinginevyo havikupunguza saa za kazi za mama wa nyumbani kama ilivyodhaniwa. Kazi ilirahisishwa, lakini kiwango kilipanda: nguo zilizofuliwa mara moja kwa juma zikaanza kufuliwa kila siku, na kazi zilizokuwa zinagawanywa kati ya watu wengi zikabaki kwa mtu mmoja aliyesimama karibu na mashine. Nilimtazama dada nikaona jambo hilo limekwisha anza kabla mashine haijanunuliwa. Alikuwa ameandika ratiba ukutani: Jumatatu boga, Jumanne karoti na kuku, Jumatano parachichi, na trei za barafu za kugandishia rojo la juma zima. Mama hakuwa na ratiba. Haja hiyo ya ratiba ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika upendo, na sehemu, nadhani, katika picha za wanawake wenzake kazini. Je, haja iliyopandwa na wengine ni haja bado? Nilitaka kusema hapana, kisha nikaikumbuka kompyuta yangu. Nani aliniambia kwamba tasnifu haiwezi kuandikwa katika maktaba?

Ningeweza kuishia hapo, na insha ingekuwa juu ya watu wawili, ndugu na dada yake. Katika nyumba ile alikuwamo mtu wa tatu. Ni yaya, binti wa miaka 19 kutoka upande wa Soroti, na ndiye ambaye angeishika mashine hiyo kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Katika mabishano yetu yote tulimtaja mara nyingi bila kumwita. "Yaya atachemsha." "Yaya atasahau kuosha kisu." Kila mwanafunzi wa maadili anajua kwamba Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785, alisema tusimtumie mtu kama njia tu ya kufikia lengo letu. Mimi nililiandika hilo katika mtihani nikapata alama nzuri. Katika sebule ya Kireka sikuliona mpaka Aprili, chuo kilipofungwa, nilipokwenda kukaa pale majuma mawili na mtoto akaanza kula.

Siku ya kwanza nilijitolea kutengeneza chakula mwenyewe. Sigiri ilichukua muda kushika moto kwa sababu makaa yalikuwa na unyevu. Nilipuliza, nikalia machozi ya moshi. Maharagwe yalichemka saa mbili. Kuyapitisha katika chujio kwa kijiko, ili maganda yabaki juu, kulinichukua kama dakika kumi na tano, na viazi nilivimaliza kwa uma kabla sijahesabu. Mtoto alikula vijiko vitatu, cha nne akakitema kwenye shati langu. Yaya alicheka mpaka akakaa chini.

Nikamwuliza, kama mtu anayetania, kama angependa tumnunulie mashine. Alifikiri kidogo. Akasema mashine itakuwa chombo kingine cha kuosha, chenye kona ambazo kitambaa hakifiki, na chakula cha mtoto kikibaki kwenye kona kinaoza. Akasema pia kwamba umeme ukikatika, au salio la mita likiisha, atarudi kwenye uma, na hapo itaonekana amefanya uvivu. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba nyumba aliyofanyia kazi kabla ya hii, pasi iliungua mikononi mwake, na fedha za pasi zikakatwa katika mshahara wake kwa miezi minne. Mashine ya 420,000 alikuwa hataki hata kuigusa. "Kuponda si kazi," aliniambia. "Kazi ni sigiri. Kuwasha mara mbili, mara tatu, mtoto yuko mgongoni na moshi unamwingia. Kama ni mimi nachagua, ningechagua gesi, ile ya mtungi mdogo yenye jiko juu yake."

Sikuwahi kufikiria gesi. Dada naye hakuwahi, kwa sababu yeye hupika Jumapili tu, na Jumapili sigiri huwa imekwisha washwa anapoamka. Tulikuwa tumebishana miezi miwili juu ya dakika ishirini za kuponda, wakati kazi yenyewe ilikuwa katika moto. Aliyejua ni yule aliyekuwa anaifanya, na hakuna aliyemwuliza. Mtungi wa kilo 6 pamoja na jiko lake ulikuwa na bei pungufu kidogo ya ile ya mashine.

Msomaji mwenzangu atadhani jibu limepatikana. Mimi nilidhani hivyo. Usiku ule ule nilimweleza dada, nikiwa na furaha ileile ya Jumapili ya kwanza, kwamba nitanunua gesi na si mashine, na nikamweleza kila kitu alichosema yaya, pamoja na habari ya pasi.

Dada hakukasirikia gesi. Alikaa kimya, kisha akasema, "Amekaa na mimi miezi saba. Hili amekwambia wewe uliyekuja juzi." Niliona limemuuma. Asubuhi alimwita yaya jikoni, akamwuliza kwa upole kabisa kwa nini hakusema, na kama anamwona yeye kuwa mtu wa kumkata mshahara. Yaya alitazama sakafu akasema hapana, hakusema hivyo, labda mimi sikumwelewa vizuri. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikumtetea kwa kusema kwamba ni kweli hakusema, wala sikujitetea kwa kusema kwamba alisema. Nilisimama tu.

Nimelifikiri jambo hilo kuliko mengine yote. Nilijiona nimempa sauti mtu asiyesikilizwa, kumbe nilichukua maneno aliyonipa kwenye kibaraza, akiwa ameketi na kucheka, nikayafanya hoja yangu ya kushinda mjadala na dada. Sikumwomba ruhusa. Yeye ndiye angebaki katika nyumba ile baada yangu. Kant angeniuliza hilo pia, na sijui ningejibu nini, maana nilimtumia kama njia hasa katika saa ile niliyodhani nimeanza kumheshimu.

Kuhusu zawadi niliamua hivi. Nilitia shilingi 420,000 katika bahasha nikampa dada bila kutaja gesi wala mashine. Kuna wenzangu walioniambia baadaye kwamba nilikimbia uamuzi, kwamba mtoaji mwenye busara huhakikisha fedha yake imefanya jambo jema. Siwapingi kwa yote. Kama dada angekuwa mlevi ningetoa kitu, si fedha. Lakini yeye ni mtu mzima aliyekuwa amesikia yote niliyoyajua na mengine nisiyoyajua, na kuendelea kushika fedha mkononi mpaka akubaliane na mimi kungekuwa kumfunga kamba na kuiita kamba hiyo ushauri. Alikuwa ameomba zawadi kwa ndugu yake, hakuomba mkopo kwa benki. Kompyuta sikuinunua. Insha hii naiandikia maktaba, na kwa kweli haijaniua.

Juma lililofuata dada alinunua gesi. Mwezi wa Juni mfanyakazi mwenzake, ambaye mtoto wake alikuwa amekwisha maliza kula rojo, alimwuzia mashine ile ile, nyeupe, kwa shilingi 90,000, naye akainunua. Aliitumia yeye mwenyewe Jumapili jioni, akagandisha maboga na nyama ya siku mbili tatu, na alimwambia yaya mbele yangu kwamba ikiungua, imeungua. Sasa mtoto ana mwaka na zaidi, anakula ndizi kwa mikono yote miwili na nyingine anaipaka kichwani. Mashine iko juu ya kabati katika boksi lake, na jirani mjamzito amekwisha kuiulizia.

Yaya bado yupo. Nikienda Kireka ananikaribisha, ananiletea chai, na ananiita tena ssebo, kama siku ya kwanza nilipofika pale. Mwezi wa Agosti nilimfuata uani alikokuwa anafua nikamwambia nilikosa kusema maneno yake bila kumwuliza, na kwamba naomba radhi. Akasema hamna shida, akaendelea kukamua nepi. Nikamwuliza kama naweza kusaidia kuanika. Akasema hapana, ssebo, zimebaki mbili tu.